Miaka 42 Ugenini: Maisha ya Askofu Jan Amos Comenius



Katika makazi yetu kuna swali linalorudi kila tunapokaa kupanga kazi za kanisa. Tukisema tujenge darasa la watoto kwa matofali, yupo atakayeuliza matofali ni ya nini, na sisi tunangoja kurudi nyumbani. Tukisema tufungue darasa la wazee wasiojua kusoma, tunaulizwa litatusaidia nini hapa ugenini. Hatuwalaumu wanaouliza. Mtu aliyefukuzwa kwake mara mbili au tatu huogopa kupanda mti ambao hajui kama atakula matunda yake.

Ndiyo maana safari hii tumechagua kuwasimulia maisha ya mtumishi wa Mungu aliyefariki zamani sana, mwaka 1670. Alikuwa mchungaji, mwalimu na askofu. Alikuwa pia mkimbizi kwa miaka 42, na hakurudi kwao kuishi tena.

Yatima kabla ya kuwa mkimbizi

Jan Amos Komenský, ambaye wasomi wa Ulaya walimwita Comenius, alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, sehemu ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa waumini wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililoanza mwaka 1457 miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Ndugu hao waliishi kwa unyofu, wakasoma Biblia kwa lugha yao wenyewe, na walithamini sana shule.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 baba yake alifariki, na muda si mrefu mama yake na dada zake wawili wakamfuata. Mtoto akachukuliwa na shangazi yake. Mwaka 1605 vita vikaufikia mji wa shangazi huyo nao ukateketezwa. Hivyo masomo yake yalikatika, na alikuwa na miaka 16 alipoingia shule ya Kilatini pamoja na watoto wadogo kuliko yeye. Huko aliona jinsi wanafunzi walivyochapwa ili wakariri maneno wasiyoyaelewa. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Kanisa lilimpeleka kusoma Ujerumani kuanzia mwaka 1611. Masomo yalipokwisha mwaka 1614 alirudi kwao kwa miguu. Mwaka 1616 aliwekewa mikono kuwa mtumishi, na mwaka 1618 akamwoa Magdalena, akawa mchungaji na mwalimu katika mji wa Fulnek. Ilikuwa miaka yake ya furaha, nayo ilikuwa mitatu tu.

Vita na kujificha

Mwaka huohuo wa 1618 ilianza vita iliyodumu miaka 30. Mwezi Novemba 1620, karibu na mji wa Prague, upande wa Waprotestanti ulishindwa. Mfalme aliyeshinda aliamua kwamba nchi yote ifuate kanisa lake, na wachungaji wa makanisa mengine waondoke. Wapendwa, hatuyasimulii haya ili tumchukie jirani yetu Mkatoliki, ambaye leo tunapanga naye foleni moja ya mgao. Wakati ule Wakristo wa Ulaya waliumizana kila upande. Tunayasimulia kwa sababu wengi wetu tunajua maana ya kuitwa adui katika nchi uliyozaliwa.

Comenius alitoroka Fulnek akawa anajificha. Mwaka 1622 tauni ikamchukua Magdalena pamoja na watoto wao wawili. Mwaka uliofuata vitabu vyake vikachomwa hadharani katika uwanja wa mji aliouchunga. Alikuwa na miaka 31, hana mke, hana watoto, hana usharika, hana kitabu.

Katika maficho hayo aliandika. Wenzake waliokuwa wamejificha kama yeye walihitaji faraja, naye akaandika kwa ajili yao. Kimoja cha vitabu hivyo kinasimulia msafiri anayezunguka dunia yote akitafuta amani, akaikuta mwishoni moyoni mwake, kwa Kristo. Wacheki wanakisoma hadi leo. Mwaka 1624 alioa tena, akamwoa Dorota, binti wa mmoja wa maaskofu wa kanisa lao, nao wakajaliwa watoto wanne.

Kuvuka mpaka

Mwezi Februari 1628, katika majira ya baridi kali, Comenius na familia yake walivuka milima kuingia Polandi. Katika kanisa lake husimulia kwamba walipofika mpakani walipiga magoti, wakageuka kuitazama nchi yao, wakamwomba Mungu asiiache mbegu ya kanisa lao ipotee.

Walikaribishwa katika mji wa Leszno, ambako wakimbizi wengi wa kanisa lao walikusanyika. Comenius akapewa kazi ya kufundisha. Hapo ndipo tunapomwona vizuri alikuwa mtu wa namna gani. Angeweza kusema kwamba watoto hawa ni wa wenyeji, na wetu tutawafundisha tukirudi. Hakusema hivyo. Aliwafundisha wote, tena akatafuta njia ya kufundisha bila fimbo na bila kukaririsha maneno matupu.

Mwaka 1631 alichapa kitabu cha kujifunzia Kilatini, lugha ya shule zote za wakati ule. Ndani yake maneno ya Kilatini yalipangwa katika sentensi fupi kuhusu vitu halisi: moto, maji, miti, wanyama, kazi za mikono, nyumba. Kilitafsiriwa kwa lugha nyingi za Ulaya, na jina la mwalimu huyu mkimbizi likajulikana kuliko majina ya wengi waliokaa makwao kwa raha. Aliandika pia kitabu kwa ajili ya wazazi, akionyesha kwamba shule ya kwanza ya mtoto ni mapaja ya mama yake, tangu kuzaliwa hadi miaka sita. Akafundisha kwamba elimu ni haki ya wote, wavulana na wasichana, tajiri na maskini. Wakati ule wengi waliliona jambo hilo geni kabisa. Mwaka 1632 kanisa likamweka kuwa mmoja wa maaskofu wake.

Matumaini yaliyovunjika

Msidhani kwamba hakutamani nyumbani. Alitamani sana. Mwaka 1641 aliitwa Uingereza na marafiki waliopenda mawazo yake juu ya elimu, lakini mwaka uliofuata vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza huko na mipango ikafa. Akakubali kuwaandikia Waswidi vitabu vya shule. Uswidi ilikuwa na nguvu katika ile vita ya miaka 30, naye alitumaini kwamba siku ya mapatano Waswidi wangewakumbuka wakimbizi wa Moravia na Bohemia. Kwa miaka sita aliishi katika mji wa Elbląg akiifanya kazi hiyo.

Mwaka 1648 amani ikatiwa sahihi. Wakimbizi wa kanisa lake hawakupewa ruhusa ya kurudi. Mwaka huohuo Dorota naye akafariki. Wengi wetu tumekaa karibu na redio kusikiliza habari za mapatano, tukitega sikio kama watatutaja. Tunajua moyo unavyokuwa habari inapokwisha na sisi hatukutajwa.

Hapa yatupasa kusema ukweli kuhusu makosa yake pia, maana naye alikuwa mwanadamu. Kiu ya kurudi ilimfanya awaamini watu waliojiita manabii. Mmoja alikuwa Mikuláš Drabík, mkimbizi mwenzake waliyesoma pamoja utotoni, aliyetabiri kwamba watawala waliowafukuza wangeanguka na wakimbizi wangerudi. Comenius aliutafsiri unabii huo na kuuchapa mwaka 1657. Haukutimia. Vilevile, Waswidi walipoivamia Polandi mwaka 1655, aliandika maneno ya kumsifu mfalme wao, ingawa Polandi ndiyo iliyompokea. Mwezi Aprili 1656 majeshi ya upande wa Polandi yakauchoma mji wa Leszno.

Comenius, mwenye miaka 64, alikimbia na familia yake. Nyumba iliungua, na vitabu na maandishi yake mengi. Humo lilikuwamo kamusi la lugha yake na Kilatini alilolifanyia kazi tangu alipokuwa mwanafunzi, zaidi ya miaka 40. Huzuni ya kamusi hilo hakuacha kuitaja mpaka kifo chake.

Mzee wa Amsterdam

Alipokelewa Amsterdam, Uholanzi, na Laurens de Geer, mwana wa tajiri aliyekuwa amemsaidia zamani. Mtu wa umri ule, aliyepoteza kila kitu mara ya pili, angeweza kuketi na kungoja mwisho wake. Yeye alianza tena.

Mwaka 1658 kitabu chake cha picha kwa watoto kilitoka katika mji wa Nuremberg. Kila somo lina picha, na kila kitu katika picha kina namba inayolingana na neno lake kwa Kilatini na kwa lugha ya mtoto. Hata herufi zinafundishwa kwa sauti za wanyama: kunguru anapolia, mtoto anaijua herufi A. Watoto wa Ulaya walikitumia kwa zaidi ya miaka 100. Mtoto wako akiletewa leo kitabu chenye picha ya ng'ombe na neno ng'ombe chini yake, anafuata njia iliyofunguliwa na mkimbizi.

Hakuwasahau watu wake. Aliwaandikia marafiki wa nchi nyingine kuwaombea msaada ndugu waliotawanyika. Mwaka 1659 alichapa kitabu cha nyimbo kwa lugha yao. Mwaka 1661 akachapa katekisimu, akaielekeza kwa kondoo waliobaki kwa siri katika vijiji vya Moravia, akivitaja kwa majina: Fulnek yenyewe, Suchdol na vingine. Hakujua kama kingewafikia wangapi. Kanisa lenyewe lilionekana linakufa, na yeye alikuwa katika maaskofu wake wa mwisho.

Mwaka 1668 aliandika kitabu kidogo akiyatazama maisha yake yote. Anakiri humo kwamba alipotea katika njia nyingi, na kwamba limebaki jambo moja tu la lazima, lile ambalo Mariamu alilichagua alipoketi miguuni pa Yesu. Tarehe 15 Novemba 1670 alifariki. Alizikwa Naarden, katika nchi ya watu wengine.

Mbegu

Kama habari ingeishia hapo, tungesema mzee huyu alijisumbua bure. Lakini sikilizeni.

Mwaka 1722, miaka 52 baada ya kifo chake, familia chache za Moravia zilivuka mpaka kwenda Ujerumani zikajenga kijiji cha Herrnhut. Wengine wakawafuata, na mwaka 1724 wakaja vijana kutoka Suchdol, kijiji kile kile kilichotajwa katika katekisimu. Mmoja wao alikuwa David Nitschmann, fundi seremala. Mwaka 1732 yeye na mwenzake Leonhard Dober walisafiri kwenda kisiwa cha Saint Thomas kuwahubiria watumwa Waafrika. Mwaka 1735 Nitschmann aliwekewa mikono kuwa askofu. Aliyemwekea mikono alikuwa Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius, mtoto wa binti yake.

Kanisa lile ndilo tunaloliita leo Kanisa la Moravian. Mwaka 1891 wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Ndugu zetu waliokimbilia Tanzania wamekuta sharika zake huko, wameimba humo na kusali humo. Maombi ya wakimbizi wachache mpakani, mwaka 1628, yalifika hadi kwetu.

Basi sisi tujifunze nini? Kwanza, tuwe na hadhari na wanaotutajia tarehe za kurudi, hata wakizitaja kwa jina la Bwana. Mtumishi mkubwa kama huyu alidanganyika, kwa sababu alilitamani mno lile aliloahidiwa. Pili, tusiingie katika ugomvi wa nchi inayotupokea. Someni Yeremia sura ya 29, mwone Mungu aliwaagiza nini wale waliopelekwa Babeli: nyumba, bustani, watoto, na maombi kwa ajili ya mji wa ugenini.

Na kubwa kuliko yote, kazi tunayoifanya hapa ni kazi kweli. Mwalimu wa watoto chini ya mwembe, mama anayemwonyesha mtoto herufi kwa kuchora mchangani, kijana anayemsomea barua bibi asiyeona, hao wanamtumikia Bwana leo, turudi au tusirudi. Comenius hakurudi Moravia kuishi tena, wala hakumjua Nitschmann. Alipanda, akamwachia Mungu.

Kuhusu lile darasa la matofali, wazee wa kanisa wanaomba kila familia inayoweza ilete maji na mikono yake. Anayetumaini kurudi kesho naye aje. Watakaobaki watalitumia.