Archibald McIndoe

Sir Archibald Hector McIndoe (Dunedin, New Zealand, 4 Mei 1900 – London, Uingereza, 11 Aprili 1960) alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Nchini Tanzania hajulikani sana, ingawa ni mmoja wa waanzilishi watatu wa shirika la AMREF.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, kisha akapata ufadhili wa kwenda Mayo Clinic, Marekani. Huko hakujifunza kurekebisha nyuso wala mikono, bali patholojia na upasuaji wa tumbo, hasa ini. Mwaka 1930 alihamia London akitarajia kazi ambayo hakuikuta. Binamu yake Harold Gillies, aliyetibu nyuso za askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndiye aliyemchukua na kumfundisha ufundi huo.

Mwaka 1939 alipelekwa Hospitali ya Queen Victoria, East Grinstead, kutibu marubani walioungua. Wakati huo majeraha ya moto yalipakwa tanini, dawa inayotumika pia kutengeneza ngozi za wanyama. Ilifanya gamba gumu juu ya kidonda, na vidole vikajikunja visiweze kunyooka tena. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi. Akaipinga tanini, akawaweka wagonjwa katika maji ya chumvi, kisha akapandikiza ngozi kidogo kidogo. Wengine walipasuliwa mara nyingi kwa miaka kadhaa.

Aliona pia kuwa mtu aliyeharibika uso huumia zaidi akifichwa. Aliwaruhusu wagonjwa kuvaa sare zao na kutembea mjini, akawaomba wenyeji wawapokee bila kuwashangaa. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, Guinea Pig Club, wakijitania kwa jina la mnyama wa majaribio. Hadi vita inakwisha wanachama walikuwa 649. McIndoe alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1947.

Baada ya vita alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Tanganyika. Wanafunzi wake wawili, Michael Wood aliyefanya kazi Kenya na Tom Rees wa Marekani, waliona jinsi wagonjwa wa vijijini walivyokuwa mbali na mpasuaji yeyote. Mwaka 1957 watatu hao walianzisha huduma ya kuwafikishia madaktari kwa ndege, iliyokuja kuitwa AMREF, yenye makao Nairobi.

Majivu yake yamezikwa katika kanisa la jeshi la anga, St Clement Danes, London.