Fela Kuti: Alitumwa London akasomee udaktari, akajiandikisha muziki

Hebu jiweke hapa. Buda yako ashaenda, mathe ndiye amebeba familia yote, mabrathe zako wako njia ya udaktari, na wewe umelipiwa safari ya majuu ukasome kama wao. Unashuka kule, unaangalia kushoto, unaangalia kulia, alafu unaenda kujiandikisha chuo cha muziki. Sasa habari hiyo unaituma nyumbani aje?

Huo ndio mchezo Fela Kuti alicheza 1958, akiwa na miaka 19. Na kama wewe ni wa juzi na umemjua kupitia Burna Boy, si makosa yako. Ile ngoma ya Ye iliyotubamba 2018 imechota kwa Fela, na guka ya Burna, Benson Idonije, ndiye alikuwa meneja wa kwanza wa Fela. Kwa hivyo hii stori inakuhusu hata kama hujawahi kusikiza ngoma yake moja mpaka mwisho. Na zingine ni ndefu, nakuonya mapema. Dakika kumi na tano na bado hajaanza kuimba.

Fela alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1938 huko Abeokuta, Nigeria, kwa familia ya watu wa vitabu. Buda yake, Mchungaji Israel Ransome-Kuti, alikuwa mwalimu mkuu na rais wa kwanza wa chama cha walimu cha Nigeria. Kiboko ilikuwa inatembea shuleni na nyumbani pia. Mathe yake, Funmilayo, huyo sasa alikuwa moto wa kuotea mbali. Aliongoza wanawake wa soko kupinga kodi waliyokuwa wanatozwa wakati wa ukoloni, wakamsumbua mfalme wao, Alake, mpaka 1949 akaachia kiti. Fela alikuwa mtoto wa miaka kumi akiona hayo yote.

Muziki haukuwa mgeni pale kejani. Guka yake, Josiah, pia mchungaji, alifika London miaka ya 1920 akarekodi nyimbo za kanisa kwa Kiyoruba. Buda mwenyewe alikuwa anapiga piano. Lakini unajua wazazi wetu. Muziki wa Jumapili ni baraka, muziki wa Jumatatu mpaka Jumamosi ni upotevu.

Buda alikufa 1955. Miaka mitatu baadaye mathe akamtuma kijana London, na kijana akaingia Trinity College of Music pale Mandeville Place. Chombo chake kikuu kilikuwa tarumbeta.

Usidhani London ya 1958 ilikuwa ya kupiga selfie. Mwaka huohuo vijana wazungu walikuwa wanawinda watu weusi mitaani Notting Hill, usiku baada ya usiku. Ukitafuta nyumba ya kukodi unakutana na kibao mlangoni kinakwambia wazi kwamba mweusi asijisumbue kugonga. Fela akashikana na beshte yake wa zamani, J.K. Braimah, aliyekuwa huko akisomea sheria. Mchana ni darasani: noti, nadharia, tarumbeta, muziki wa wazee wa Ulaya waliokufa zamani. Usiku ni jazi. Wakaunda bendi wakaiita Koola Lobitos, wakawa wanapigia wanafunzi wa Kiafrika hailaifu iliyochanganywa na jazi. Huko huko akaoa Remi, akapata watoto. Femi, unayemjua, alizaliwa London 1962.

Hapa ndipo watu huharakisha stori, wanasema hiyo shule haikumsaidia. Mimi nakataa. Sikiza vile tarumbeta na saksafoni zinavyojibizana kwa ngoma zake, vile kila mpigaji ana kipande chake na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Kupanga bendi ya watu wengi hivyo si bahati, ni kazi ya mtu anayejua ni nini anaweka wapi. London ilimpa hiyo. Kitu haikumpa ni cha kusema.

1963 akarudi Lagos na cheti chake. Akapata kazi kwenye redio ya taifa, haikudumu. Akaifufua Koola Lobitos na wasanii wapya, na 1964 akampata Tony Allen kwenye ngoma. Ukitaka kujua Tony alikuwa nani, sikiza tu mikono na miguu yake, utadhani ni wapigaji wanne. Lakini mtaa haukuwa unaelewa. Wasee wa Lagos walitaka kudensi, na huyu msomi kutoka London alikuwa anawaletea jazi ya kukuna kichwa. Alafu akatokea Geraldo Pino kutoka Sierra Leone na mtindo wa James Brown, vyombo vikali na luku safi, akafagia mashabiki wote. Fela na shule yake yote akabaki anapigia viti. Imagini hiyo aibu: umesoma muziki majuu, na anayejaza klabu ni mtu anayeiga Wamarekani.

1969 akapata mpango wa kuzunguka Marekani na bendi. Huko nyumbani vita vya Biafra vilikuwa vinaendelea. Safari yenyewe ikageuka noma. Ahadi za shoo ziliyeyuka, doo ikaisha, wakakwama Los Angeles bila karatasi za kufanya kazi, wakipiga kwenye klabu usiku huku wakiogopa watu wa uhamiaji. Walikaa Marekani kama miezi kumi hivi. Mtu yeyote aliye na beshte majuu anajua hayo maisha, yale hayaendi kwenye Instagram.

Na hapo kwenye kusota ndipo alikutana na mwalimu wake wa kweli. Sandra Smith, baadaye akajulikana kama Sandra Izsadore, manzi mweusi wa Los Angeles aliyekuwa karibu na Black Panther. Sandra alikuwa na njaa ya Afrika. Alidhani amepata Mwafrika mwenyewe, atamfungulia mambo yote. Siku moja akamuuliza Fela hizo nyimbo za lugha yake zinahusu nini. Fela akamwambia ukweli: ile moja inahusu supu.

Supu. Watu wanapigwa risasi mitaani, nchi yake inajichinja, na mtoto wa Funmilayo anaimba kuhusu supu.

Sandra akamcheka, alafu akampa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Fela akakisoma akiwa anaishi kwa wazazi wa huyo dem. Na kile kilichomuuma, vile alivyokuja kueleza baadaye, ni kwamba alikuwa amepitia shule nzuri Abeokuta, amepitia chuo London, na hakuna mahali aliwahi kufundishwa kujiangalia kama Mwafrika. Alichanuliwa na manzi wa Marekani, umbali wote huo kutoka nyumbani. Akaandika ngoma kwa ajili yake, My Lady Frustration, na ukiisikiza unaona kabisa kitu kimegeuka. Mdundo umeshuka chini, gitaa inarudia kitu kimoja kama msee anayekataa kutoka mlangoni. Afrobeat ilikuwa imepata mwili.

Kurudi Lagos 1970, bendi ikabadilishwa jina, mwishowe ikawa Africa 70. Akaacha kuimba kistaarabu, akachukua kile Kiingereza cha mtaani cha Nigeria ndio hata kondakta wa matatu ya Lagos aelewe. Ni kama vile Sheng inavyotembea hapa kwetu. Mpigaji wake wa saksafoni, Igo Chico, alipohepa 1973, Fela akaishika mwenyewe akajifundisha. Jina la Ransome akalitupa, akaweka Anikulapo, maanake aliyebeba kifo mfukoni. Keja yake akaizungushia ua akaitangaza jamhuri, Kalakuta, na serikali ya kijeshi ikaanza kuhesabu siku.

Walihesabu mpaka tarehe 18 Februari 1977. Alikuwa ametoa Zombie, ngoma inayowachora wanajeshi kama watu wanaotembea tu wakiambiwa tembea. Wanajeshi kama 1,000 wakavamia. Walipiga watu, wakafanyia wanawake unyama, wakachoma nyumba na kila rekodi iliyokuwa ndani. Mathe yake, mama wa miaka 76, wakamtupa kupitia dirishani. Hakupona vizuri tena. Alikufa Aprili 1978, na Fela akapeleka jeneza mpaka kambi ya jeshi ya Dodan, mlangoni kwa wakubwa.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu huyo huyo alioa wanawake 27 kwa mpigo mwaka huo wa 1978, na kwa nyimbo zake mara nyingine aliwaweka madem chini kabisa. Alizaliwa na mwanamke aliyeng'oa mfalme, akachanuliwa na mwanamke, na bado hakuona. Sandra mwenyewe alienda Lagos wakarekodi pamoja Upside Down, 1976, na sauti unayoisikia pale mbele ni yake. Kisha 1984 serikali ya Buhari ikamfunga Fela kwa kesi ya pesa za kigeni, akakaa ndani miezi 20. Alikufa tarehe 2 Agosti 1997. Brathe yake Olikoye, daktari na waziri wa zamani wa afya, akasimama mbele ya taifa akasema ni ukimwi, wakati familia nyingi zilikuwa zinaficha. Yule aliyesomea udaktari ndiye alikuja kumsemea yule aliyeukataa. Lagos ilisimama, inasemekana watu milioni moja walitoka kumzika.

Ile shule ya London bado iko, siku hizi inaitwa Trinity Laban. Na unajua nani alipita hapo? Made Kuti, mtoto wa Femi, mjukuu. Alienda akasomea muziki kama guka yake, akarudi Lagos, na 2021 akatoa albamu yake ya kwanza. Kila chombo unachosikia mle ndani, kuanzia ngoma mpaka saksafoni, amepiga yeye mwenyewe.