Padre Lebbe, mgeni aliyekubali kufundishwa na Wachina



Wapendwa, wiki chache zilizopita nilisimama kununua karanga kando ya barabara inayojengwa nje kidogo ya jiji letu la Dodoma. Fundi mmoja Mchina, kofia ngumu kichwani na vumbi hadi kwenye kope, alipita mbele ya kina mama wauzaji akawaamkia kwa Kigogo: mbukwenyi. Kina mama walicheka kwa furaha, wakaitikia, na mmoja akamwongezea karanga bila kumdai. Mimi sikuzaliwa Ugogo, ila nimekaa huku miaka mingi nikiwa padre, na Kigogo changu hakizidi sana salamu hiyo. Nilirudi garini nimenyamaza.

Sisi huwazungumza Wachina kila siku. Tunatumia simu zao, tunapita juu ya barabara zao, na kitu kikiharibika upesi tunasema ni cha Kichina. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza nchi ile imepitia nini na watu wake wanabeba nini moyoni. Ndiyo maana Dominika hii nawaletea maisha ya padre mmoja aliyejiuliza swali hilo hadi kufa kwake.

Vincent Lebbe alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Ghent, Ubelgiji. Akiwa bado kijana alisikia habari za Jean-Gabriel Perboyre, mmisionari aliyeuawa China mwaka 1840, akatamani kumfuata. Alijiunga na shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akafika China mwaka 1901. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo alipewa daraja ya upadre mjini Beijing.

Aliikuta nchi yenye majeraha. Mwaka mmoja kabla, wapiganaji walioitwa Maboksa waliwashambulia wageni na Wakristo Wachina, na maelfu wakauawa. Majeshi ya mataifa ya nje yaliingia Beijing, na China ikalazimishwa kulipa fidia ya tael milioni 450 za fedha kwa miaka 39. Tena, tangu mikataba ya miaka ya 1858 na 1860, wamisionari Wakatoliki walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Padre akikorofishana na mtawala wa kijiji, balozi wa Ufaransa aliingilia kati. Kwa hiyo Mchina wa kawaida alipouona msalaba, nyuma yake aliiona bunduki.

Lebbe aliliona hilo upesi. Aliona pia mapadre Wachina, wengine wenye mvi, wakiwekwa siku zote chini ya vijana waliotoka Ulaya. Hakuanza kwa kuhubiri juu ya jambo hilo, alianza kwa kujifunza. Alivaa nguo za Kichina, akala kwa vijiti, akajifunza kuandika kwa brashi na kusoma vitabu ambavyo wasomi wa nchi waliviheshimu. Jina lake la Kichina lilikuwa Lei Mingyuan, maana yake ngurumo inayosikika mbali. Alipopelekwa Tianjin, mji mkubwa wa bandari, alifungua kumbi za mihadhara ambamo wasio Wakristo waliingia kwa uhuru. Mwaka 1915 akaanzisha gazeti la kila siku, Yishibao, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa magazeti makubwa ya China.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1916. Mjini Tianjin kulijengwa kanisa jipya katika eneo la Laoxikai, na balozi mdogo wa Ufaransa akataka eneo hilo liingizwe katika sehemu ya mji iliyokuwa chini ya Wafaransa. Wananchi walikasirika, wafanyakazi wakagoma. Wamisionari wengi walinyamaza. Lebbe na mwenzake Antoine Cotta, mzaliwa wa Cairo, walisimama upande wa Wachina. Lebbe aliondolewa Tianjin, kisha akapelekwa kusini, mbali na gazeti na watu wake, mahali ambapo hata lugha ya mtaani ni nyingine.

Alitii. Alifunga mizigo akaenda. Lakini utii wake haukuwa wa kuficha ukweli, kwa maana aliendelea kuwaandikia wakubwa wake na Roma, akieleza kwamba Kanisa lisilo na maaskofu wenyeji litabaki kuwa mgeni China. Askofu wa kwanza Mchina, Luo Wenzao, aliwekwa wakfu mwaka 1685, na tangu hapo hakuwa amepatikana mwingine. Mwaka 1919 Papa Benedikto XV alitoa barua yake juu ya umisionari, Maximum Illud, akiwakemea wamisionari wanaotanguliza utukufu wa mataifa yao na akihimiza mapadre wenyeji waandaliwe kuongoza. Mwaka uliofuata Lebbe alirudi Ulaya, akawahudumia wanafunzi Wachina na kuendelea kuutetea ujumbe huo.

Tarehe 28 Oktoba 1926, Papa Pius XI aliwaweka wakfu maaskofu sita Wachina mjini Roma. Siku hiyo Lebbe alitimiza miaka 25 kamili ya upadre.

Wapendwa, msidhani hayo ni mambo ya mbali. Njia iliyofunguliwa siku ile ilifika hadi kwetu. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa Masaka, Uganda, aliwekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1952 ikawa zamu ya Laurean Rugambwa wetu, ambaye mwaka 1960 alikuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika. Hapa Dodoma tulimpata Askofu Mathias Isuja mwaka 1972.

Lebbe alirudi China mwaka 1927, akajiweka chini ya mmoja wa maaskofu wale sita, Melchior Sun wa Anguo, na akapata uraia wa China. Alianzisha shirika la mabradha na lingine la masista. Vita na Japani ilipopamba moto kuanzia mwaka 1937, yeye na mabradha wake walibeba majeruhi kwenye machela. Hakuwa malaika: alikuwa na moto uliowachoma hata wenzake, na wapo walioona amejiingiza mno katika mambo ya serikali. Mwaka 1940 alikamatwa na askari wa Kikomunisti, akashikiliwa kwa majuma kadhaa, akaachiliwa akiwa mgonjwa sana. Alifariki Chongqing tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, msimamizi wa mabradha wake.

Sasa nirudi kwenye gari langu. Miaka ya nyuma niliitwa kijijini kumpa bibi mmoja Mpako wa Wagonjwa. Baada ya sala alinishika mkono akaniambia maneno marefu kwa Kigogo. Mjukuu wake alinitafsiria kwa sentensi moja tu: bibi anashukuru. Nilijua hayakuwa hayo tu. Niliahidi moyoni nitajifunza lugha, nirudi tuzungumze. Bibi alizikwa kabla sijaanza.

Mtume Paulo alikubali kuwa yote kwa watu wote ili awapate baadhi yao. Na Bwana wetu, kabla ya kuhubiri kwa miaka mitatu hivi, aliishi Nazareti karibu miaka thelathini, akizungumza lugha ya mtaa na kufanya kazi ya mtaa. Basi mwalimu, muuguzi, mtumishi wa serikali uliyehamia makao makuu, nawe padre mwenzangu: watu unaokaa kati yao, umewajifunza au umewazoea tu? Na yule Mchina wa barabarani, amewahi kuulizwa na Mkristo yeyote habari za mama yake?

Jumatatu iliyopita nilimwomba katekista wetu anifundishe Kigogo, nusu saa kila jioni. Ananicheka sana, na mimi nakubali kuchekwa.