Daktari Burkitt na Uvimbe wa Taya

Wenzangu, mnamjua Denis Burkitt? Alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Utotoni aliumia akapoteza jicho moja, lakini lile lililobaki liliona mengi! Mwaka wa 1957, hospitali ya Mulago, Uganda, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si muda akaona mwingine Jinja. Hakupuuza. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa gari hadi Afrika Kusini akiulizia ugonjwa huo kila hospitali. Kumbe ni saratani! Hukua upesi mno, lakini ikiwahiwa, dawa huiponya mara nyingi. Burkitt alifariki 1993. Basi, hapa kwetu Isiolo, mdogo wako akivimba taya na meno kulegea, usiseme ni jino tu. Mpeleke hospitali mapema.