Dashiell Hammett, mupelelezi aliyekataa kutaja majina

Mwezi wa saba mwaka wa 1951, mwanaume mumoja wa miaka 57, murefu, mwembamba, mwenye nywele nyeupe na mapafu mabovu, alisimama mbele ya tribinali katika muji wa New York, inchini Marekani. Alitakiwa kutaja majina ya watu fulani. Alikataa. Alihukumiwa miezi sita ya gereza.

Mutu huyo ni Samuel Dashiell Hammett, muandishi wa The Maltese Falcon, kitabu ambacho wanaosoma Kifaransa wanakijua kwa jina la Le Faucon maltais. Tangu kilipotoka mwaka wa 1930, kitabu hicho kinapita mukono kwa mukono: anayekimaliza anamupa rafiki yake, na rafiki anarudi na ulizo lilelile ambalo wasomaji wanabishania tangu zamani. Je, yule mupelelezi Sam Spade ni mutu mwema ao mutu mubaya? Maisha ya muandishi mwenyewe yanasaidia kujibu.

Hammett alizaliwa tarehe 27/5/1894 katika jimbo la Maryland, na alikomea zaidi katika muji wa Baltimore. Nyumbani feza zilikuwa haba. Alipofika miaka kama 14 aliacha masomo ili asaidie jamaa yake. Alifanya kazi ndogondogo, kati yazo kazi ya kutumwatumwa katika kampuni ya reli. Mwaka wa 1915 aliingia Pinkerton, kampuni ya wapelelezi wa binafsi iliyojulikana sana Marekani.

Pale alijifunza kumufuata mutu bila kuonekana, kusimama saa nyingi kwenye kona ya njia, na kuandika ripoti: nani aliingia, saa ngapi, alibeba nini, alitoka na nani. Katika ripoti hakuna nafasi ya kueleza moyo wa mutu. Yanaandikwa tu yale macho yaliyoona. Namna hiyo ya kuandika haikumutoka tena.

Lakini kazi ya Pinkerton ilikuwa na upande mwingine. Matajiri wa viwanda na wa machimbo walikuwa wanawakodi wapelelezi hao ili kuvunja migomo ya wafanyakazi. Katika muji wa Butte, jimbo la Montana, ambako watu waliishi kwa machimbo ya shaba, kiongozi wa wafanyakazi Frank Little alitolewa kitandani usiku wa tarehe 1/8/1917, akanyongwa na watu waliofunika nyuso. Hakuna hata mutu mumoja aliyehukumiwa juu ya kifo hicho. Miaka mingi kisha, muandishi Lillian Hellman, aliyekuwa rafiki wa Hammett, alieleza kwamba Hammett alimuambia kuwa alipewa ahadi ya dolari 5.000 ili amuue Little, naye akakataa. Watafiti wanabishana hadi leo kama mambo yalikuwa hivyo. Lakini riwaya yake ya kwanza, Red Harvest, ya mwaka wa 1929, inaeleza muji wa machimbo ambamo tajiri mumoja anashika kila kitu mukononi, halafu wahuni aliowaita kuvunja mugomo wanakataa kuondoka.

Mwaka wa 1918 Hammett aliingia jeshi, katika kikosi cha magari ya wagonjwa. Hakufika kwenye vita ya Ulaya. Alishikwa na ile homa kali iliyoua watu wengi duniani mwaka huo, kisha kifua kikuu kikamuingia. Toka siku hizo hakupata tena afya kamili. Mwaka wa 1920 alilazwa katika hospitali moja karibu na muji wa Tacoma. Pale alijuana na muuguzi Josephine Dolan, na mwaka wa 1921 walioana San Francisco. Walipata mabinti wawili. Kwa sababu ya kifua kikuu, watu wa afya walishauri asikae nyumba moja na watoto. Basi baba alibaki katika chumba chake, bibi na watoto wakaishi kando.

Nguvu za kufuata watu njiani zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa 1922 alianza kuandika hadithi. Nyingi zilitoka katika Black Mask, gazeti la karatasi ya bei ya chini lililosomwa sana na watu wa kazi. Kabla yake, hadithi za upelelezi zilizopendwa zilikuwa za nyumba kubwa za Waingereza, ambamo bwana mwenye akili nyingi anakaa kwenye kiti na kufumbua fumbo. Hammett alimutoa mupelelezi kwenye kiti, akamutia njiani. Mupelelezi wake wa kwanza hana hata jina: ni mutu mufupi, munene, mwenye umri, anayefanya kazi kwa mushahara. Wasomaji walimupenda kwa sababu anasema kama wao na anachoka kama wao.

Kisha ikaja The Maltese Falcon, iliyotoka kwanza kwa vipande katika Black Mask kuanzia mwezi wa tisa 1929. Katika San Francisco, mwanamuke mumoja anaingia katika ofisi ya Sam Spade na kuomba musaada. Usiku uleule, Miles Archer, mwenzake Spade wa kazi, anauawa kwa risasi. Kidogo kidogo inajulikana kwamba watu kadhaa wanatafuta sanamu nyeusi ya ndege, ambayo wanaamini kuwa ni ya zahabu na mawe ya bei kali chini ya rangi. Wanadanganyana, wanauzana, wanauana. Mwisho, sanamu waliyoipata inaonekana kuwa ya risasi tupu. Na muuaji wa Archer ni yule mwanamuke, ambaye Spade labda anamupenda. Spade anamutoa kwa polisi.

Hapo ndipo wasomaji wanagawanyika. Wamoja wanasema Spade hana moyo, kwa maana alilala na bibi ya mwenzake Archer, na mapenzi yenyewe hayamuzuii kumupeleka mutu gerezani. Wengine wanasema ni mutu wa haki, kwa maana mwenzake akiuawa, hata kama hakumupenda, hawezi kukaa kimya. Hammett hakumusaidia musomaji. Katika kitabu kizima hakuna mahali anaposema Spade anawaza nini. Anaonyesha mikono yake ikisokota sigara, uso wake, macho yake, basi. Ni ripoti ya mupelelezi, na musomaji ndiye anapaswa kuamua.

Kitabu kilivuka bahari haraka. Huko Ufaransa, André Gide, mumoja wa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, alikuwa kati ya waliomusifu Hammett. Kisha vita ya pili ya dunia, kundi la vitabu la Série Noire, lililoanzishwa Paris mwaka wa 1945, lilitia riwaya zake mikononi mwa wasomaji wengi wa Kifaransa. Marekani, sinema ya John Huston ya mwaka wa 1941, na Humphrey Bogart akiwa Spade, ilimufanya mupelelezi huyo ajulikane hata na wasiosoma.

Lakini wakati huo Hammett alikuwa amekwisha kunyamaza. Riwaya yake ya tano, The Thin Man, ilitoka mwaka wa 1934, na hakumaliza nyingine. Feza nyingi za Hollywood ziliingia na kutoka. Alikunywa pombe sana. Toka mwaka wa 1930 alikuwa na Lillian Hellman, na urafiki wao ulidumu hadi kifo. Alianza kujishurulisha na siasa, na mwaka wa 1937 aliingia chama cha Wakomunisti.

Mwaka wa 1942, akiwa na miaka 48 na mapafu yenye kovu, aliomba kurudi jeshini, akakubaliwa kuwa askari wa kawaida. Alitumwa kwenye kisiwa cha baridi kali cha Adak, huko Alaska. Pale aliongoza gazeti la askari, The Adakian, na katika ofisi yake weusi na weupe walifanya kazi pamoja, wakati jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga.

Kisha vita, Marekani iliingia katika woga wa Wakomunisti. Viongozi kumi na mumoja wa chama hicho walihukumiwa mwaka wa 1949. Waliachiliwa kwa muda kwa feza za zamana, zilizotolewa na mufuko ambao Hammett alikuwa mumoja wa wasimamizi wake. Mwaka wa 1951, wane kati yao walitoroka. Tribinali ikataka kujua ni nani waliochangia feza katika mufuko, na hapo ndipo Hammett alikataa. Kati ya waliofungwa pamoja naye juu ya jambo hilo kulikuwa Alphaeus Hunton, Mumarekani mweusi aliyeongoza baraza la kutetea uhuru wa Afrika, na ambaye kisha alihamia Afrika na kufia Lusaka, Zambia, mwaka wa 1970.

Hellman aliandika baadaye jambo la kushangaza: Hammett hakujua jina hata moja la wachangaji. Angeweza kusema hivyo, na labda angerudi nyumbani. Lakini aliona kwamba hata jibu hilo lingekuwa kukubali kwamba wana haki ya kumuuliza.

Alikaa gerezani karibu miezi mitano, akisafisha vyoo. Alipotoka, vipindi vya redio vilivyotumia watu wa hadithi zake vilikuwa vimeondolewa, na serikali ilimudai kodi ya zaidi ya dolari 100.000. Mwaka wa 1953 aliitwa mbele ya seneta Joseph McCarthy, aliyemuuliza kama yeye angekubali vitabu vya namna yake katika maktaba za serikali ikiwa angekuwa anapiganisha ukomunisti. Hammett alijibu kwamba angekuwa anapiganisha ukomunisti, hangewapa watu kitabu chochote. Vitabu vyake viliondolewa kwa muda katika maktaba za Marekani za inje ya inchi.

Aliishi miaka yake ya mwisho bila feza, katika nyumba ndogo aliyopewa na marafiki, kisha kwa Hellman. Alikufa New York tarehe 10/1/1961, kwa kansa ya mapafu, akiwa na miaka 66.

Sam Spade alimutoa mutu kwa polisi, na aliyemubuni alikataa kumutoa hata mutu mumoja. Lakini wote wawili walifikia mahali ambapo feza, mapenzi wala woga havikuweza kuwasogeza. Hammett alikuwa ameomba azikwe pamoja na askari. Serikali ileile iliyomufunga ilimupa kaburi huko Arlington, kati ya wapiganaji wa Marekani, kwa sababu alikuwa ameitumikia katika vita mbili.