Mtakatifu Kizito: Hofu Iliyopata Mkono wa Kushika

Miongoni mwa Mashahidi wa Uganda, Mtakatifu Kizito ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka 14 hivi. Alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, naye alikuwa angali mkatekumeni. Mwezi Mei 1886, ghadhabu ya Kabaka ilipowaelekea watumishi Wakristo, kifo kilikuwa karibu. Mapokeo yanasimulia kwamba kijana huyo aliogopa, na Karoli Lwanga, kiongozi wao, akamwahidi kumshika mkono saa ya kuikiri imani itakapofika. Usiku ule akambatiza. Kulipokucha, wanaosali walipoamriwa kujitenga, wawili hao walitoka wameshikana mikono. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto huko Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mwaka 1964.

Ndugu wapendwa, kuogopa si dhambi. Kizito hakungoja hofu imtoke ndipo aende; alikwenda nayo, akiwa ameshikwa mkono. Katika parokia zetu za Mbulu na Hanang wamo vijana wanaoogopa peke yao. Tuwanyoshee mkono.

Mtakatifu Kizito, utuombee.