Jaji Francis Forbes wa Sydney: Hukumu iliyosahaulika kwa kukosa kitabu

Wasomaji wetu wanaoishi Sydney huenda wamepita mara nyingi katika mtaa wa Forbes Street, au wamesafiri hadi mji mdogo wa Forbes ulioko zaidi ya kilomita 350 magharibi mwa jiji hilo. Wachache wanajua kwamba majina hayo yanatokana na jaji aliyefariki mwaka 1841.

Leo tunamwangalia Sir Francis Forbes, Jaji Mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu ya New South Wales. Ni mtu aliyezuia sheria za gavana kwa kukataa kuzitia saini. Pia ni mtu aliyetoa hukumu kuhusu wenyeji wa asili wa Australia ambayo ilikaa zaidi ya miaka 150 bila kujulikana na mawakili wengi, kwa sababu moja tu: haikuingizwa katika vitabu vya hukumu.

Kutoka Bermuda hadi Sydney

Forbes alizaliwa mwaka 1784 katika kisiwa cha Bermuda, ambacho kilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Akiwa kijana alikwenda London kusomea sheria, na mwaka 1812 akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka uliofuata alimwoa Amelia Sophia Grant.

Baada ya kufanya kazi ya mwanasheria wa serikali huko kwao Bermuda, aliteuliwa mwaka 1816 kuwa Jaji Mkuu wa Newfoundland, kisiwa cha wavuvi ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Huko ndiko alikoanza kujulikana kuwa jaji asiyekubali gavana atawale kwa amri zisizo na msingi wa sheria. Baridi ya Newfoundland haikumfaa kiafya, na mwaka 1822 aliondoka.

Wakati huo serikali ya London ilikuwa ikitafakari nini cha kufanya na New South Wales. Koloni hilo lilianzishwa mwaka 1788 kuwa mahali pa kupeleka wafungwa, na kwa zaidi ya miaka 30 gavana wake alikuwa na madaraka makubwa mno. Kulikuwa na mahakama, lakini hazikuwa na nguvu ya kusimama mbele yake.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya koloni hilo. Forbes alishiriki katika kuiandaa. Sheria hiyo iliunda Mahakama Kuu na pia baraza dogo la kutunga sheria. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichokuja kuleta ugomvi mkubwa: gavana hakuweza kupeleka muswada wowote barazani mpaka kwanza Jaji Mkuu atoe cheti kwamba muswada huo haupingani na sheria za Uingereza.

Forbes alifika Sydney na familia yake mwezi Machi 1824, na tarehe 17 Mei mwaka huo mahakama ilizinduliwa rasmi.

Nani aamue kesi

Sydney ya wakati huo ilikuwa jamii iliyogawanyika. Upande mmoja walikuwepo walowezi waliokuja kwa hiari yao, wenye mali na mashamba. Upande mwingine walikuwepo wafungwa, pamoja na wale waliomaliza vifungo vyao na kuanza maisha mapya, baadhi yao wakiwa matajiri. Walowezi wengi hawakutaka kuwahesabu hao wa pili kuwa raia sawa na wao.

Mfano mzuri ni jengo la zamani la mahakama lililoko King Street, karibu na kanisa la St James'. Aliyelibuni, Francis Greenway, mwenyewe aliletwa Australia akiwa mfungwa.

Sheria ya mwaka 1823 ilisema kesi za jinai katika Mahakama Kuu ziamuliwe na maofisa 7 wa jeshi. Lakini haikusema lolote kuhusu mahakama za chini za mahakimu. Mwezi Oktoba 1824 swali hilo lilifika mbele ya Forbes. Yeye alieleza kwamba pale ambapo sheria imekaa kimya, haki ya kila Mwingereza kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaosikiliza ushahidi na kuamua, haijafutwa. Kwa hiyo juri za raia zikaanza kukaa katika mahakama hizo.

Waliokuwa wafungwa bado walinyimwa nafasi katika juri hizo, na kilio chao kiliendelea kwa miaka kadhaa. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Ugomvi wa magazeti

Mwezi huo huo wa Oktoba 1824, mawakili wawili, Robert Wardell na William Charles Wentworth, walianzisha gazeti la The Australian bila kuomba ruhusa ya serikali. Mpaka hapo gazeti la Sydney lilikuwa Sydney Gazette, lililoanza mwaka 1803 chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1826 likatokea jingine, The Monitor, la Edward Smith Hall.

Mwishoni mwa mwaka 1825 alifika gavana mpya, Ralph Darling, mwanajeshi aliyependa nidhamu na amri. Mwaka uliofuata askari wawili, Joseph Sudds na Patrick Thompson, waliiba kitambaa makusudi ili wafukuzwe jeshini, kwa kuwa waliona maisha ya mfungwa yana nafuu kuliko ya askari. Darling alibadili adhabu waliyopewa na mahakama, akaamuru wafungwe minyororo mizito yenye pete ya chuma shingoni. Sudds alikuwa mgonjwa, na baada ya siku chache alifariki.

Magazeti yalimshambulia gavana bila kupumzika. Naye mwaka 1827 akaandaa miswada miwili. Wa kwanza ulitaka kila gazeti liwe na leseni ambayo gavana angeweza kuifuta. Wa pili ulitaka kila nakala ilipiwe ushuru wa stempu wa peni 4, kiasi ambacho kingeyaua magazeti madogo.

Forbes alikataa kutoa cheti kwa muswada wa leseni. Hoja yake ilikuwa kwamba nchini Uingereza mtu hahitaji kibali kuchapisha gazeti. Akikosea baada ya kuchapisha, ashitakiwe. Ushuru wa stempu nao aliukatalia cheti, na gavana akalazimika kuusimamisha.

Hebu tufikirie hali ilivyokuwa. Forbes alikuwa mtumishi wa serikali ile ile, akilipwa mshahara na koloni lile lile, katika mji mdogo ambamo wakubwa wote walijuana na kukutana kila wiki. Darling alimwona kuwa rafiki wa wapinzani, akaandika malalamiko London. Forbes naye aliandika barua ndefu kujitetea. Hakufukuzwa, lakini afya yake iliathirika.

Mwaka 1828 London ilibadilisha sheria na kuliondoa sharti la cheti cha Jaji Mkuu. Magazeti nayo hayakupona moja kwa moja: Hall wa The Monitor alihukumiwa kwa kashfa mwaka 1829 na kufungwa, lakini aliendelea kuandika akiwa gerezani. Hata hivyo leseni ya Darling haikupita, na yeye mwenyewe aliondoka mwaka 1831.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatakuwa wageni wa mjadala huu. Tanzania ilipotunga Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2016, suala la leseni za magazeti na nani awe na uwezo wa kuzifuta lilizungumzwa kwa hoja zinazofanana sana na zile za Sydney ya mwaka 1827.

Kesi ya Ballard

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote katika maisha ya jaji huyu.

Mwaka 1829 Mwaborijini mmoja aliyeitwa Ballard alishitakiwa kwa kumuua Mwaborijini mwenzake katika bustani ya Domain, katikati ya Sydney. Mwanasheria Mkuu wa koloni aliwauliza majaji: je, mahakama ya Waingereza ina uwezo wa kusikiliza kesi ya namna hii?

Forbes alijibu kwamba haina. Alieleza kwamba watu hawa walikuwepo katika nchi yao kabla ya Waingereza, wana desturi zao za kulipiza na kusuluhisha, na tangu koloni lianze haikuwa kawaida kuingilia magomvi yao wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya Uingereza ingehusika pale tu ambapo ugomvi uko kati yao na walowezi. Jaji James Dowling alikubaliana naye, na Ballard akaachiwa.

Kwa lugha nyepesi, mahakama ya mkoloni ilikubali kwamba wenyeji wana sheria yao, na kwamba sheria hiyo haikufa siku merikebu za Waingereza zilipotia nanga.

Miaka 7 baadaye, mwaka 1836, swali lile lile lilirudi. Jack Congo Murrell alishitakiwa kwa kumuua Mwaborijini mwenzake karibu na Windsor, kaskazini magharibi mwa Sydney. Wakili wake alisema mteja wake anapaswa kuhukumiwa kwa desturi za watu wake. Safari hii walikaa majaji watatu: Forbes, Dowling na William Burton. Burton ndiye aliyeandika sababu, na uamuzi ulikuwa kinyume kabisa na ule wa 1829. Mahakama ilisema makabila hayo hayakuwa na idadi wala utawala wa kutosha kuhesabiwa kuwa mataifa yenye sheria zake, na kwamba kila aliyemo ndani ya koloni yuko chini ya sheria ya Uingereza.

Forbes hakupinga. Hapo alikuwa mgonjwa na anajiandaa kuondoka nchini. Murrell mwenyewe alipofikishwa mbele ya juri hakupatikana na hatia, lakini kanuni ilibaki.

Kilichochapwa na kilichoachwa

Je, kwa nini vizazi vya mawakili wa Australia viliijua kesi ya Murrell na havikuijua kesi ya Ballard?

Katika miaka ya Forbes, Sydney haikuwa na vitabu rasmi vya hukumu. Kilichosemwa mahakamani kiliandikwa na waandishi wa magazeti, na pia na majaji katika madaftari yao. Dowling alikuwa hodari katika kazi hiyo, kwani kabla ya kuja Australia alikuwa mmoja wa watayarishaji wa ripoti za kesi London. Aliyaandika mambo ya Ballard kwa mkono wake. Lakini daftari la jaji si kitabu kilichoko mezani kwa kila wakili, na habari ya gazeti hupita kama habari nyingine.

Mwaka 1896, zaidi ya miaka 60 baada ya matukio hayo, Gordon Legge alichapisha mkusanyiko wa kesi teule za Mahakama Kuu ya New South Wales za miaka 1825 hadi 1862. Murrell imo. Ballard haimo. Tangu hapo wakili aliyetafuta msimamo wa sheria alifungua kitabu, akaikuta hukumu moja, akaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Ni katika miaka ya 1990 ndipo Profesa Bruce Kercher wa Chuo Kikuu cha Macquarie mjini Sydney na wenzake walipoanza kukusanya kesi hizo za zamani kutoka magazeti na madaftari, na kuziweka kwenye intaneti ili kila mtu azisome bure. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Australia, katika kesi maarufu ya Eddie Mabo wa kisiwa cha Mer, ilikuwa imekwisha kutamka kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi zao hazikufutwa na ujio wa Waingereza. Nchi nzima ilikuwa ikiyatazama upya mambo ya kale. Kumbe mwaka 1829 wazo la namna hiyo, japo kuhusu jinai na si ardhi, lilikuwa limeshasemwa mahakamani Sydney.

Swali la sheria ya nani itawale tunalijua vizuri kwetu. Wakenya wanakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, kati ya mjane wake Wambui na ukoo wa marehemu. Watu wengi wanaifahamu mpaka leo kwa sababu magazeti ya Nairobi yaliiandika siku baada ya siku. Zanzibar nayo, hukumu za mahakama za Waingereza kuanzia 1868 hadi 1918 zilikusanywa na kutolewa kitabuni mwaka 1919. Aliyechagua kesi za kuingia kitabuni alichagua pia kwa kiasi fulani nini kikumbukwe kuwa sheria.

Mwisho wa safari

Forbes aliondoka Sydney mwaka 1836. Akiwa Uingereza mwaka 1837 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huo huo akajiuzulu ujaji. Nafasi yake ilichukuliwa na Dowling. Alirudi New South Wales na kufariki mwezi Novemba 1841 huko Newtown, ambako leo ni ndani ya jiji la Sydney.

Hatumwiti shujaa asiye na doa. Alisimama imara mbele ya gavana aliyetaka kuyanyamazisha magazeti, na mwaka 1836 alikaa kimya wakati msimamo wake mwenyewe ukifutwa. Lakini alichokisema mwaka 1829 hakikupotea kabisa, kwa sababu mwenzake alishika kalamu na daftari likatunzwa.

Mahakama zetu nyingi za Afrika Mashariki bado zina makabati yaliyojaa majalada ya karatasi ambayo hayajawahi kuchapwa popote. Baadhi yake yanaliwa na mchwa. Ndani yake huenda mna Ballard wetu.